Ulanzi Uliogoma Kuchacha

Ulanzi wa msiba wa shangazi yangu uligoma kuchacha.

Naanzia hapo maana kila kitu kilianzia hapo. Uligemwa kwenye mianzi jana asubuhi, ukashinda na kulala kwenye mapipa nyuma ya nyumba, na leo tunapanga viti vya mazishi bado ni mtamu kama juisi ya mtoto. Wazee wamemaliza jagi zima na wote wako timamu, wanajadili bei ya mbolea. Msiba gani huo?

"Huu ni mtogwa, sio pombe," Mjomba Severini akasema, akautema pembeni. "Nani kaosha mbeta zangu?"

Kama hutoki kwetu Mufindi, mbeta ni kile kipande cha mwanzi anachokingia mgemaji. Unakata ncha ya mwanzi mchanga, unaning'iniza mbeta, utomvu unadondokea humo. Na mbeta haioshwi. Yale machicha ya zamani yaliyoganda ndani ndiyo yanayouamsha ulanzi mpya. Ukiimwagia maji ya moto umeua kila kitu, utabaki unakunywa maji ya sukari. Mjomba Severini ndiye mgemaji wetu, na kwa maoni yake duniani kuna mtu mmoja tu mwenye ugonjwa wa kuosha-osha vitu.

"Mama Edga!"

"Usinianze," mkewe akamjibu kutoka kwenye karai la mafuta. "Mimi mwenyewe maandazi yangu yamekuwa bapa kama chapati. Hamira feki. Nenda kagombane na mwenye duka, sio mimi."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, simu mkononi, natafuta kona ya kukaa. Familia ilikuwa imenipa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu kaburini. Baba alisema, "Wewe Skola si unaongea na simu kutwa nzima? Leo ongea na watu." Mpaka saa hiyo nilikuwa nimeandika jina tu: Daktari Leokadia Kihwele. Nikaliangalia. Nikalifuta. Nikaliandika tena.

Sijui kwa nini nilimulika lile jagi. Mazoea tu. Sisi tuliozaliwa baada ya Mlinzi hatuli bila kumulika. Unawasha ile taa ya zambarau ya simu, unaielekeza kwenye unga, unga unang'aa kijani, unasonga ugali. Usipong'aa, unamwaga. Watoto wetu wanajua kumulika kabla ya kujua kusali. Lakini kinachomulikwa ni unga! Ni mahindi! Hakuna mtu anayemulika ulanzi. Mlinzi ni ukungu wa kwenye punje ya hindi, nje ya hapo anakufa njaa. Hilo nililisikia kwa mdomo wa aliyemtengeneza, na aliyemtengeneza ndiye tulikuwa tunamzika.

Jagi likang'aa kijani mpaka kwenye povu. Yaani lile povu kidogo la kumiminwa, sio povu la kuchacha.

Mama Joselini, jirani yetu, alikuwa amesimama nyuma yangu na mwanae mgongoni. "Skola, nini hicho?"

"Simu imeharibika," nikasema. Nikaondoka haraka, nusura nimgonge mchungaji.

*

Kibanda cha shangazi kiko nyuma ya migomba. Wageni wakubwa walikuwa wanategemea maabara ya vioo na mashine. Wakifika wanakuta mabati, meza ndefu, hadubini yenye mkono uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, na harufu ya udongo uliolowa. Hapa ndipo alipomzalisha Mlinzi.

Shangazi alikua kwenye nyumba ambayo wanawake walikaa chini kuchambua mahindi kabla ya kusaga. Punje nzuri huku, iliyooza kule. Zilizooza hazikutupwa, zilikwenda kupikia komoni, pombe ya kienyeji. Ukungu ule wa kijani na njano unatoa sumu, sumukuvu, na sumu yenyewe hufi nayo kwa kuionja. Inakaa tumboni, inakula ini, macho yanakuwa ya njano, tumbo linavimba. Enzi hizo ikitokea mwaka mvua imenyesha wakati wa kuvuna, watoto walikuwa wanazikwa kwa zamu. Yeye akawaza kitu ambacho wenzake chuoni walimcheka nacho: badala ya kuua ukungu mbaya, kwa nini asilete ukungu mwingine mpole, wenye njaa kuliko ule, ukae kwenye hindi kabla yake na kuunyima nafasi? Akaufuga huo mpole, akauchagua tena na tena, akauwekea alama ya kung'aa ili mtu yeyote mwenye simu auone. Akauita Mlinzi. Baada ya hapo hakuna mtoto aliyezikwa na macho ya njano. Hakuna. Kizazi chetu neno sumukuvu tunalisoma shuleni.

Nikawasha taa ya zambarau humo ndani. Meza: kijani. Mlango: kijani. Vidole vyangu mwenyewe: kijani. Nikavifuta kwenye sketi, sketi nayo ikawa kijani. Nikashindwa hata kusimama mahali pamoja, nazunguka tu, nashika hiki naacha, mpaka nikagota kwenye rafu ya chupa.

Sasa hii rafu ina umbea wake. Kila masika yanapoanza, shangazi alikuwa ananunua mbeta ya kwanza ya Mjomba Severini, anaingia nayo huku, anafunga mlango. Kanisani walishamaliza kumsema. Daktari mzima, mlevi wa chumbani! Mimi pia nilimtania, "Shangazi, niachie fundo moja," akacheka tu, hakujitetea.

Zilikuwa chupa za soda, kila moja na karatasi yenye mwaka wa masika yake. Zote zimejaa. Hakuwahi kunywa hata tone. Za zamani zilikuwa na machicha mazito chini, vizibo vimesukumwa juu, nikanusa moja ikanipiga puani kama siki. Nikaenda nayo hivyo, chupa hadi chupa, siki, siki, siki. Mpaka za mwisho mbili. Hizo zilikuwa safi kama maji ya kisima. Nikachovya kidole kwenye ile ya mwaka jana. Tamu.

Nikakaa chini.

Hamira ni ndugu wa uyoga. Chachu inayoumua maandazi na inayochachusha ulanzi ni kaukungu kadogo tu kasichoonekana. Shangazi alikuwa anamtega Mlinzi wake. Siku atakapoacha mahindi na kwenda kula ukungu mwingine, ulanzi ndio wa kwanza kusema. Na ulanzi ulisema mwaka jana, humu kibandani kwanza, alikojaa yeye, wakati nje bado unachacha. Na shangazi alisikia. Na hakutuambia.

Kwenye ncha ya rafu kulikuwa na kichupa kidogo chenye kizibo chekundu. Hicho nakijua. Wiki aliyolazwa alinishika mkono akaniambia, "Skola, kile cha kizibo chekundu ni Mkata. Ni kirusi, kinaambukiza ukungu mmoja tu duniani, yule wetu. Kikigusa uzi mmoja wa Mlinzi kinapita kwa mwenzake, na mwenzake, hakirudi nyuma. Usikiguse mpaka upate sababu ya kukosa usingizi." Nilidhani ni homa inaongea.

Mlango ukagongwa, nikakitia mfukoni.

"Kamwene," mtu akasalimia kwa kilugha chetu, akaingia na suti yake na matope hadi magotini. Ni Kaka Elikana. Alikuwa mwanafunzi wa shangazi, sasa ndiye mkurugenzi wa Mpango wa Mlinzi, yeye ndiye mwenye droni zote zinazomwaga vumbi la Mlinzi mashambani. "Samahani, Skola. Nilitaka nikae na harufu yake kidogo kabla ya hotuba. Kesho tunarusha kundi jipya, nchi nzima na majirani. Tumeliita kwa jina lake. Umelia?"

"Onja hii."

"Mimi mlokole, mdogo wangu."

"Onja, Kaka Elikana! Haina hata kilevi, ndio shida yenyewe!"

Akaonja. Akaangalia mwaka kwenye karatasi. Akaiinua ile ya mwaka huu, akaonja. Nilimwona akielewa, uso ulikuwa unashuka taratibu kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la kifo.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

*

Alitaka kuona kama Mlinzi amefika msituni, basi tukaenda msituni, yeye mbele anateleza na viatu vyake vya ofisini.

Kila mvua za kwanza zikishanyesha, msitu wetu unajaa uyoga. Mama zetu wanaingia na vikapu alfajiri, kila mmoja na sehemu yake anayoificha kama siri ya ndoa. Shangazi naye alikuwa haachi kwenda. Mwaka jana alirudi na kikapu kitupu, kila siku kitupu, akasema ni mwaka mbaya. Mwaka huu wanawake hawakwenda kabisa. Nilikuwa najua hivyo vyote. Sikuwahi kuviunganisha.

Hapakuwa na uyoga hata mmoja. Majani ya juu kwenye miti mikubwa yamekuwa ya njano wakati mvua inanyesha. Tukainama chini ya mti, Kaka Elikana akafukua kwa mikono. Udongo wa msitu mzuri ukiufukua unakuta nyuzi nyeupe, laini kama nywele za bibi, zimeshikana na mizizi. Zile ndizo zinazomletea mti maji na chumvi, nao mti unazilipa sukari. Mti bila zile nyuzi ni kama mtoto bila mlezi, ataishi kidogo kisha atachoka. Alifukua mpaka kiwiko. Nikamulika.

Kijani. Yote kijani. Nikaelekeza simu mbele, chini ya matawi kulikokuwa na kiza, na sakafu ya msitu iliwaka mpaka mwisho wa macho.

"Amekula kila kitu," akasema taratibu.

"Mkata upo," nikamwambia. Nikatoa kichupa.

Hakukigusa. Alikaa chini kwenye matope na suti yake. "Nina swali, Skola. Unajua kwa nini nilisoma ukungu? Nilikuwa na pacha. Tulikula ugali mmoja, sahani moja, tunagombania mboga. Wote tukaugua. Mimi nikaamka. Yeye aliniangalia na macho ya njano kama ua la alizeti, mpaka leo nikifumba macho namwona. Sasa unaniambia nimwage hicho, na mahindi yote yaliyoko maghalani yabaki uchi, na hakuna mtu chini ya miaka thelathini anayejua kuchambua punje. Watazikwa wangapi?"

"Na msitu ukifa? Mvua itatoka wapi? Hayo mahindi yenyewe utayapanda wapi?"

"Nipe muda. Tutatengeneza Mlinzi mwingine, mpole zaidi."

"Huyu ndiye alikuwa mpole!"

Nilikuwa nimekishika kile kichupa mpaka kiganja kinauma. Ningeweza kukizibua pale pale. Kidole gumba kilikuwa tayari kwenye kizibo, naapa. Tone moja kwenye shimo lile, kwisha. Hakuna ambaye angejua hadi mavuno.

Lakini shangazi ndivyo alivyofanya. Alimwachia Mlinzi akiamua peke yake, kwa huruma. Akanyamaza peke yake, kwa huruma hiyo hiyo. Na mimi nifanye hivyo mara ya tatu?

"Simamisha droni," nikasema. "Hilo tu kwa leo."

"Wataniuliza sababu."

"Watasikia kwenye wasifu."

Akanikodolea macho. Kisha akatoa simu yake, vidole vina matope haviandiki vizuri, akafuta, akaandika upya, akatuma.

*

Watu walijaa mpaka barabarani. Simu zilikuwa zinarusha mazishi moja kwa moja, nchi nzima inatazama, maana shangazi, Mama Uyoga kama walivyomwita, alikuwa wa watu wote. Nikasimama pembeni ya jeneza. Kichupa nikakiweka juu ya meza, katikati ya mashada.

Nikasoma alikozaliwa, alikosoma, nikasoma jinsi chuoni walivyomwita mfuga kuvu. Watu wakacheka kwa machozi. Nikasema, "Shangazi yangu aliwaokoa watoto wetu." Makofi. Nikangoja yaishe. "Na mwaka jana aligundua kwamba dawa yake inaua msitu, na akatuficha. Nadhani aliogopa kutuona tukizika tena. Nampenda. Lakini huo nao ni wasifu wake, sitauruka."

Baba akainuka kwenye kiti. "Skola, umechanganyikiwa?"

"Mjomba Severini," nikaita, "leta mbeta." Akaileta huku ananung'unika. Nikaimulika mbele yao. Nikamulika maandazi bapa, nikamulika mkono wa mchungaji, nikamulika udongo wa kaburi. Kila nilipoelekeza taa watu walirudi nyuma.

"Kwa hiyo sio mimi niliyeosha!" Mama Edga akapiga kelele. "Umenisema tangu asubuhi, wewe mwanaume!"

Kuna waliocheka hata wakati ule. Nikawaeleza Mkata na kazi yake, halafu kelele zikaanza za kweli. Mjomba Severini akataka Mkata umwagwe sasa hivi. Mwingine akamwambia unataka tufe ili ulewe? Kaka Elikana akachukua kipaza sauti, akaeleza msitu, nyuzi, mizizi, akaeleza na pacha wake, hakuficha upande wowote. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi.

Mama Joselini akapita mbele. Alimshusha mtoto mgongoni, akamsimamisha karibu na meza, karibu kabisa na kile kichupa.

"Na huyu?" akaniuliza.

Nikakisogeza kichupa mbali na mtoto.

"Sitakimwaga leo," nikasema. "Wala kesho. Wala kwa siri. Niambie unataka nini ndipo kimwagwe."

Akafikiri. Upepo ulikuwa unapeperusha mashada. "Nataka nifundishwe yale waliyokuwa wanafanya bibi zetu. Na siku hiyo ya unga usiong'aa, nataka nikuone wewe unakula kwanza."

*

Masika yote yaliisha watu wakibishana. Redioni, vijijini, kwenye simu, nilitukanwa na watu nisiowajua kwa majina ya wanyama wote wa porini. Bibi mmoja wa Kilolo akarekodiwa akichambua mahindi, video yake ikatazamwa kuliko mpira. Punje yenye doa, nje. Iliyotobolewa na mdudu, nje. Iliyosinyaa, nyepesi, hata kama inapendeza, nje. Wakatengeneza vichanja vya kukaushia, mahindi yasiguse ardhi. Kaka Elikana alipoteza kiti chake kisha akarudishwa kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Mwishowe wilaya baada ya wilaya zikakubali, wengine kwa hasira, wengine kwa kura za kusukumana. Tukamwaga Mkata kwenye udongo wa msitu wa shangazi, mchana kweupe, mbele ya watu. Hakuna kilichotokea. Kisha kijani kikaanza kuzimika, kama taa za mtaa umeme unapokatika, nyumba kwa nyumba.

Mavuno yakafika.

Nilikaa kwenye mkeka na mama yangu na Mama Edga, ungo mapajani. Kazi hii inataka mikono miwili. Simu ilikuwa inaita ndani ya nyumba, ikaita, ikachoka. Kaka Elikana naye alikuja, akakunja suruali, akakaa. Alikuwa mpole kwa punje kama mtu anayetoa mchanga kwenye jicho. Aliangalia kila moja pande zote mbili.

"Kwa mwendo huo tutakula Krismasi," Mama Edga akamwambia.

"Tutakula Krismasi, basi."

Tulisaga. Nikasonga. Mama Joselini akaja na mwanae amemshika mkono, akasimama mlangoni bila kuingia. Akatoa simu yake, akamulika ugali.

Giza. Ugali mweupe tu, unatoa moshi.

Sijawahi kuogopa chakula maishani mwangu mpaka siku ile. Mwili mzima ulikuwa unaniambia mwaga. Na nisiwadanganye, tonge moja lisingethibitisha kitu. Sumukuvu haimwangushi mtu mezani. Mimi nilijua, Kaka Elikana alijua, na Mama Joselini alijua pia. Hakuwa anataka ushahidi.

Nikanawa. Nikamega, nikachovya, nikala. Nikamega tena.

"Umechambua wewe mwenyewe?" akauliza.

"Mimi mwenyewe. Mama yuko hapa, muulize. Alinirudishia ungo mara tatu."

"Nne," mama akasema.

Joselini akanyoosha mkono kwenye sahani. Mama yake akaudaka hewani, akaushikilia. Nje, Mjomba Severini, ambaye msimu wa ulanzi ulikuwa umeshampita, alikuwa anamsimulia mtu mwingine kwamba masika yajayo, ole wake atakayegusa mbeta zake.

Mama Joselini akazima taa ya simu, akaitia kwenye khanga.

"Tunawisheni," akasema, akakaa chini, akatanguliza mikono yake kwanza, kisha ya mtoto.